Karatasi Zilizobaki Bujumbura

Kalemie, tarehe 11 Januari 1990

Léonie binti yangu,

Germain amelileta kopo la pili juzi kwa boti yake, na leo ndipo nimepata kalamu inayoandika. Nilichimba unga wa maziwa kwa kijiko mpaka chini, nikavikuta vidonge ndani ya mfuko wa plastiki, vyote vizima. Wale wa bandarini walifungua kopo, wakanusa, wakafunga. Akili hiyo umeirithi kwa mama yako, mimi sina ujanja wa namna hiyo.

Ijumaa nilipimwa presha. Imeshuka. Yule daktari wa huko kwenu, mwenye ndevu, aliyenipima nilipokuja kuwatembelea, anajua kazi yake. Kichwa hakinigongi tena, na mlima wa kwenda kanisani naupanda bila kusimama njiani kujifanya nasalimia watu. Nakunywa kimoja kila asubuhi baada ya chai, kama ulivyoagiza.

Nina mafua kidogo tu, koo linawasha. Itakuwa upepo wa ziwa.

Tangu nilipostaafu bandarini siku zimekuwa ndefu. Miaka thelathini na moja nilisoma kila karatasi iliyofungwa kwenye kila mzigo, na sasa sina cha kusoma isipokuwa barua zako na maandishi ya kwenye sabuni. Basi andika barua ndefu. Mama yako amekaa hapa pembeni, anachambua visamaki vya ndagala, anauliza kama mjukuu wetu Clémence ameota meno mapya ya mbele.

Papa yako,
Isidore


Bujumbura, tarehe 3 Februari 1990

Papa mpendwa,

Meno yameota, tena makubwa kuliko mdomo. Mwambie Mama.

Nimefurahi kuhusu presha. Nitaendelea kutuma kwa njia hiyohiyo. Bandarini wakiona boksi la duka la dawa wanadhani ni biashara, watakuzungusha mpaka uchoke. Kwa hiyo maboksi nayatupa, na zile karatasi nyembamba zilizokunjwa ndani yake nimezitandika kwenye droo za kabati la Clémence. Mwenyewe unajua mimi situpi kitu kinachofaa.

Nataka uniahidi jambo moja, Papa. Usiruke hata siku moja. Daktari alisema presha ikiachiwa inarudi na ndugu zake, na mimi niko mbali, siwezi kuja mbio. Andika katika barua ijayo kwamba umeahidi.

Mkwe wako Anatole yuko barabarani na lori lake, wiki ya tatu sasa. Napika kama tuko wengi, halafu tunakula wawili. Nikisikia mtu sokoni anasema Kiswahili cha kwetu, ninamfuata hata kama sina cha kununua. Jana nilimfuata mama mmoja mpaka kituo cha basi, akageuka akaniuliza kama namdai. Nilimwambia hapana, nilitaka tu kumsikia akiongea.

Mtoto wako,
Léonie


Mpala, tarehe 22 Julai 1990

Léonie mwanangu,

Naandika nikiwa Mpala, kwa baba yako mkubwa Edmond. Nilikuja kwa matanga ya shangazi yetu, nikakaa zaidi ya mwezi. Mama yako alibaki Kalemie kulinda nyumba.

Sasa naweza kukuambia jambo nililokuficha, kwa sababu limekwisha. Yale mafua hayakuwa mafua. Nimekohoa miezi mitano, Léonie. Ni kikohozi kikavu, hakina kamasi wala damu, kinaanzia kooni na kikianza hakisikii Baba Yetu wala Salamu Maria. Hospitali walinipima makohozi mara tatu, na mara zote tatu nilihangaika kupata cha kutema. Kifua kikuu hakuna. Picha ya mapafu ilitoka safi. Lakini nenda wewe ukawaambie majirani kwamba picha ni safi! Mama Marceline wa nyumba ya pili aliwaita wajukuu wake ndani kila nilipopita. Kwaya waliniomba niimbie karibu na mlango, kisha waliniomba nipumzike mpaka Pasaka, na Pasaka ikapita. Wastaafu wenzangu wa bandarini, ambao tunakunywa kwa kikombe kimoja kinachozunguka, walinitengea cha kwangu, cha bati, kimefungwa uzi kwenye kishikio ili mtu asikosee. Nilikunywa, nikacheka nao, nikaenda nacho nyumbani. Nyumbani nililia.

Mama yako alikichukua kile kikombe, akamimina chai, akatoka nje, akainywa yote mbele ya Mama Marceline. Kisha akamwuliza kama ana sukari ya kuazima. Hivyo ndivyo alivyo.

Basi hapa Mpala, wiki ya pili kikohozi kilipungua, wiki ya tatu kikakatika. Jumapili nimeimba besi yangu yote mpaka padri akageuka kuangalia. Edmond anasema ni hewa.

Jambo moja, na usinigombeze. Kopo nililisahau Kalemie juu ya kabati, kwa hiyo huku sijanywa vidonge. Nitaanza tena nikirudi tu. Ulitaka ahadi, na hii ndiyo ahadi: sitaruka tena hata siku moja.

Papa yako,
Isidore


Bujumbura, tarehe 9 Agosti 1990

Papa,

Nitakugombeza. Mwezi mzima bila dawa! Mungu asifiwe kwa kuwa kikohozi kimekwisha, lakini presha haina likizo. Namtumia Germain makopo mawili ili usiwe na kisingizio. Anza siku hiyohiyo yakifika.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kile kikombe chenye uzi kimenikaa rohoni. Ulikohoa miezi mitano na kila barua ukaniandikia habari za meno ya Clémence. Usinifiche tena, Papa. Mimi huku nina barua zako tu, na barua ikidanganya sina mwingine wa kumwuliza.

Léonie


Kalemie, tarehe 18 Novemba 1990

Léonie,

Makopo mawili yalifika salama. Nakunywa kila asubuhi, sijaruka. Kikohozi kimerudi kidogo, usiwe na wasiwasi.

Edmond alikuja kutusalimu pamoja na ndugu wawili, tukaongea mambo ya ukoo. Mama yako amekwenda Zongwe kwa dada yake Denise, kumsaidia shamba la mihogo. Atakaa kidogo. Usimwandikie kwa sasa, barua za Zongwe zinapotea.

Najipikia ugali wa bukari mwenyewe, unatoka na mabonge. Nyumba hii ni kubwa kuliko nilivyojua. Nikikohoa asubuhi hakuna anayeniuliza kitu kutoka chumbani, na kuku wamezoea, hawashtuki tena. Mbusu Clémence.

Papa yako,
Isidore


Zongwe, tarehe 2 Desemba 1990

Mama Clémence, mwanangu,

Hii barua anaandika Mwalimu Grégoire wa hapa Zongwe. Nimemwambia asitengeneze maneno yangu, aandike vile ninasema.

Najua Papa yako hawezi kukuambia, basi nitakuambia mimi. Sikuja kulima. Edmond alikuja na wandugu wawili, wakakaa mu salon ya wageni. Akahesabu na vidole. Ku Mpala Isidore alipona. Kurudi ku nyumba, akaanza tena. Mu ile nyumba kuna nani? Kuna muke. Halafu akaleta maneno ya kikombe. Akasema, wantu wote wanaogopa kikohozi ya Isidore, huyu muke anakunywa kwa kikombe yake na haogopi. Muntu asiyeogopa ugonjwa njo yule anajua umetoka wapi.

Unasikia, mwanangu? Nilikunywa ile chai sababu ya kumupenda, na ile chai njo ilikuwa ushahidi.

Wakamwuliza Papa yako, wewe unasema nini? Mimi nilikuwa nasimama ku mulango na sinia. Alifungua kinywa. Kikohozi kikamushika. Akakohoa, akakohoa, wote wakangojea. Kilipoisha, aliangalia chini. Edmond akasema, basi, tumesikia.

Niliweka sinia chini, nikafunga nguo zangu. Miaka makumi tatu na ine nilimupikia, na hakuna siku aliumwa tumbo. Hasira ya Edmond sina, Edmond si mume wangu.

Hapa tuko sawa. Denise ananipenda. Lakini asubuhi ninaamuka, ninasikiliza kama anakohoa, halafu ninakumbuka.

Ninaomba kitu kimoja. Kama ku Bujumbura kuna dawa ya kikohozi, umutumie. Usimwambie ni mimi nimeomba.

Mama yako,
Florentine
(kwa mkono wa Grégoire, mwalimu)


Bujumbura, tarehe 5 Januari 1991

Papa,

Mama ameniandikia. Najua yote, na nimekukasirikia sana. Lakini hayo baadaye. Acha vile vidonge leo. Usingoje kumaliza kusoma barua hii.

Nilikwenda duka la dawa kununua siropu ya kikohozi. Madamu Monique, mwenye duka, akaniuliza ni nani anayekohoa. Nikamwambia ni wewe. Akauliza unakunywa dawa gani nyingine. Nikamwambia vidonge vile vya presha ninavyonunua hapahapa kila mara. Akachukua boksi, akalifungua, akatoa ile karatasi nyembamba, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Imeandikwa kwamba dawa hii inaweza kuleta kikohozi kikavu kisichokwisha. Si kwa kila mtu, lakini kwa wengine. Kikija, mgonjwa amwone daktari ambadilishie. Ukiacha dawa, kinakwisha baada ya wiki chache. Siku hiyohiyo akanipeleka kwa daktari wako.

Nilirudi nyumbani nikatoa nguo zote za Clémence. Droo tatu, Papa. Chini ya soksi, chini ya sare ya shule, kila karatasi ina mstari uleule. Mwaka mzima nimekuwa nikipanga nguo juu yake. Na wewe unasoma hata sabuni! Ungepata karatasi hii ndani ya boksi lake, ungeisoma siku ya kwanza ukiwa umesimama bandarini, na Mama angekuwa nyumbani kwake.

Daktari amebadilisha. Germain anakuletea dawa ya aina nyingine, na safari hii iko ndani ya boksi pamoja na karatasi yake. Wakikuzungusha bandarini, acha wakuzungushe. Ndani ya bahasha hii nimeweka karatasi moja ya ile dawa ya zamani, iliyotoka kwenye droo. Ina doa la wino wa Clémence, lakini inasomeka.

Si Mama, na si nyumba. Kikohozi nilikutumia mimi ndani ya kopo la maziwa, nikakuapisha usikiruke hata siku moja. Nisamehe. Halafu nenda Zongwe.

Léonie


Kalemie, tarehe 10 Februari 1991

Mwanangu Léonie,

Niliisoma karatasi nikiwa nimesimama bandarini, kama ulivyosema. Niliisoma mara mbili kwa Kifaransa, na mara ya tatu kwa sauti, mpaka Germain akaniuliza kama nimepokea habari ya kifo.

Huna kosa la kusamehewa. Ulinitumia dawa kwa sababu ulitaka niishi. Mimi ndiye niliyekufundisha kutotupa karatasi.

Siku hiyohiyo nilianza dawa mpya, ya zamani nikaiweka kando. Siku ya kumi na tisa kikohozi kikakatika. Na sasa sikiliza kilichofuata. Watu wamekuja kunipongeza. Mama Marceline ameniletea samaki. Mkuu wa kwaya amenishika mkono akasema kwa sauti ya chini, "Papa Isidore, ulifanya vizuri kumuondoa." Edmond alifika kutoka Mpala akicheka. Nilimsomea karatasi yote, neno kwa neno. Akaniambia, "Ndugu yangu, karatasi ni ya Wazungu, lakini macho ni yangu. Florentine ametoka, na kikohozi kimetoka."

Nilitaka kwenda Zongwe wiki hii. Nimekaa nikafikiri, nikaona nikimrudisha sasa namrudisha kwenye midomo yao. Siku ya kwanza mtu wa mtaa huu akipiga chafya, watamtazama yeye.

Kwa hiyo nimefikia jambo, na nakuomba usinikataze. Kopo la zamani lina vidonge bado. Jumatano ijayo ni Majivu. Kwaresima hii dawa mpya nitaiweka pembeni, nitakunywa ile ya zamani, kimoja kila asubuhi mbele ya Edmond. Nimemwomba akae nami. Atapika yeye, atachota maji yeye. Mama yako yuko Zongwe, safari ya boti kutoka hapa. Tuone kikohozi kitatoka wapi.

Papa yako,
Isidore


Kalemie, tarehe 18 Machi 1991

Léonie,

Kilianza siku ya tisa. Sijawahi kukifurahia kikohozi namna hiyo.

Nilimwacha Edmond akisikie wiki tatu nzima, mchana na usiku, mpaka akaomba kulala jikoni. Kisha nikaweka kopo juu ya meza, karatasi pembeni yake, nikawaita wale ndugu wawili, nikamwomba ahesabu tena kwa vidole. Ku Mpala sikunywa, nikapona. Kalemie nikanywa, nikakohoa. Nikaacha, nikapona. Nikanywa, nakohoa. "Haya, kaka," nikamwambia, "mu hii nyumba kuna nani?" Aliinua kidole, akakitazama, akakirudisha. Akasema, "Basi, njo dawa." Na jana, baada ya misa, padri aliniruhusu kuisoma karatasi mbele ya watu, na Edmond alisimama kando yangu. Nilikohoa kila mstari. Mama Marceline alitazama viatu vyake. Uzi wa kwenye kikombe nimeukata kwa kisu changu mwenyewe.

Leo asubuhi nimerudi kwenye dawa mpya. Kesho nakwenda Zongwe kwa boti ya Germain. Nimebeba karatasi, nimebeba kikombe. Bado nakohoa, sikutaka kungoja kipone.

Karatasi inaeleza kila kitu isipokuwa jambo moja, na ninaogopa mama yako ataniuliza hilohilo.

Papa yako,
Isidore


Zongwe, tarehe 7 Aprili 1991

Mama Clémence,

Ni mimi tena, kwa mukono wa Mwalimu Grégoire.

Papa yako alifika. Nilimusikia kabla ya kumuona. Alishuka ku boti anakohoa, wantu wa Zongwe wakakimbiza watoto. Alisimama mu kiwanja cha Denise akasoma ile karatasi yote kwa sauti, sawa vile anasoma barua ya gavana. Alisoma na kwa Kitabwa, ili Denise asikie. Nilimwacha amalize.

Halafu nikamwuliza. Nikasema, Isidore, karatasi nimesikia. Ile siku wandugu yako walikuuliza, nilikuwa ku mulango na sinia. Kile kikohozi kilikushika, ama wewe njo ulikishika?

Alivua kofia. Alikuwa na njia ya kunidanganya, na mimi ningekubali, sababu karatasi ilikuwa mu mukono wake. Akasema, "Florentine, kilianza chenyewe. Ya mwisho nilikohoa mimi, kwa kutaka." Akasema aliogopa Edmond. Akasema, na mimi ninakuambia vile alisema, dakika moja aliniogopa na mimi.

Nililia, mwanangu. Kwa Kalemie sikulia, kwa boti sikulia, nililia pale. Yeye alibaki anasimama na kofia yake mu mukono.

Sijamwambia nimesamehe. Sijui kama nimesamehe. Nilichukua ile kikombe, niliosha, nilitia maji, nikamupa. Akakunywa. Halafu nikatia ingine, nikakunywa mimi.

Kurudi Kalemie sijasema ndiyo. Analala kwa Mwalimu Grégoire, mukeka chini, na huyu anayeandika anasema niseme kwamba anakoroma. Anakuja kwetu asubuhi, tunakunywa chai, anatwanga mihogo vibaya. Kikohozi kinapunguka. Anangojea, na mimi ninamwacha angojee. Mimi nilingojea miezi.

Sasa maneno ya dawa. Iliyo hapa itatosha mpaka mwezi wa tano. Ingine usiitume Kalemie. Itume Zongwe, kwa jina langu, mu boksi yake na karatasi yake. Nimemwambia mbele ya Denise kwamba tangu sasa dawa yake inakaa kwangu. Kila asubuhi nitatoa kimoja, nitamupa kwa huu mukono wao walisema unaleta ugonjwa, na yeye atafungua kinywa.

Mama yako,
Florentine